Chombo Tulichokiosha kwa Sabuni

Maziwa ninayokunywa siku hizi hutoka dukani ndani ya pakiti, na hayanuki kitu. Daktari amesema ninywe kwa ajili ya mifupa, basi nakunywa, lakini kila asubuhi nasonya kabla ya kumeza. Binti yangu hunicheka na kuniuliza maziwa yamenikosea nini. Hayajanikosea. Ila mimi nililelewa kwa maziwa yenye harufu ya moshi, na moshi wenyewe haukuwa wa jikoni kwetu, ulikuwa wa jirani. Nikiukumbuka, hamu hunishika na chai haiiondoi.

Tuliingia Isiolo juu ya lori la viazi nikiwa na miaka minane. Baba alikuwa amehamishwa kutoka mlimani, Meru, kuja kuwa karani wa serikali, na bendera mpya ilikuwa bado haijapauka. Tukapanga vyumba viwili katika mtaa wa Bulla Pesa. Mama alishuka, akatazama vumbi, akatazama mbuzi waliolala mlangoni, akauliza maji yako wapi. Mama yangu, kama wanawake wengi wa kwetu, aliamini kwamba nusu ya shida za dunia huisha kwa maji ya moto na sabuni ya kipande. Hiyo nusu nyingine alimwachia Mungu.

Ua wetu ulipakana na ua wa Wasomali. Mama wa nyumba ile, mjane, nilimwita habaryar, ambalo kwao ni neno la mama mdogo, kwa kuwa binti yake, aliyekuwa rika langu, ndivyo alivyonifundisha. Babu yake huyo rafiki yangu aliletwa na Wazungu akiwa askari wao. Vita vyao vilipokwisha, wakamwambia aketi hapa na ngamia wake. Kwa hiyo sote tulikuwa wageni pale, na Waborana, wenyeji wa pale, hawakuchoka kutukumbusha. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wageni wa tangu babu, na sisi wa wiki mbili.

Sisi tulikuwa na mshahara wa baba na tulikuwa na shamba. Hilo shamba tuliliona mwisho wa mwezi tu, tulipopanda lori kwenda kuchukua ndizi na mahindi, lakini lilikuwepo, lina mipaka yake na kaburi la babu. Wao walikuwa na ngamia na mbuzi, wote malishoni upande wa Merti pamoja na wajomba, na pale mjini walibaki na wanyama wachache wa maziwa. Ardhi waliyojenga hawakuwa na karatasi yake. Mama aliwaonea huruma sana: watu wazima, wana akili zao, hawana hata mgomba mmoja. Habaryar naye alituonea huruma zaidi. Familia nzima haina mbuzi, na jioni inakula majani. Alipoiona sukuma wiki kwenye sufuria yetu mara ya kwanza, aliuliza kwa upole kama baba amefukuzwa kazi.

Basi kila asubuhi yeye aliwaletea maziwa maskini walao majani, na kila mwisho wa mwezi mama aliwapelekea ndizi maskini wasio na shamba. Kila mmoja alirudi kwake akijiona tajiri. Sijaona tena ujirani mtamu kama ule, na nimekaa na majirani wengi.

Maziwa yalikuja katika chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, kirefu, chenye kifuniko na mikanda ya ngozi. Wao walikiita dhiil. Habaryar alipewa na mama yake alipoolewa. Alisimama mlangoni petu, mama akashika sufuria, maziwa yakamiminwa, chombo kikarudi naye. Hakikuwahi kuingia ndani kwetu, na kwa hiyo mama hakuwahi kujua kinavyotunzwa.

Mimi nilijua. Alasiri nilikaa na rafiki yangu katika ua wao, tukampokeza mama yake vijiti vilivyowaka. Alivitia ndani ya chombo, akafunika, akatikisa, akafunua, moshi ukatoka mzito, kisha akasugua ndani kwa ufagio mdogo mpaka kikawa cheusi na kung'aa. Maji hayakukigusa. Moshi ndio uliokisafisha, moshi ndio uliofanya maziwa yakae siku mbili bila kuharibika. Sisi tulipigania kunusa kwanza, mpaka pua zikawa na masizi.

Siku moja, tulipokuwa tunajiandaa kupanda lori la kwenda mlimani, rafiki yangu aliniuliza tunakwenda wapi kila mwezi. Nikamwambia nyumbani. Akaitazama nyumba yetu, akanitazama mimi.

"Na hii ni ya nani?"

Nikamwambia hii ni ya kupanga, nyumbani ni kule kwetu. Nikamuuliza na yeye kwao ni wapi.

"Kwetu ni hapa," akasema.

Kisha vikaja vita ambavyo watu waliviita vya shifta, serikali ikipigana na Wasomali waliotaka kujitenga. Sitavieleza vyote, wako waliovipigana. Nitasema nilichokiona kwenye nyua mbili. Magari ya jeshi yalipita mchana kutwa, na ikawa amri kufunga milango jua likizama. Habaryar, aliyezaliwa Isiolo, alitakiwa kubeba karatasi hata akienda kuchota maji. Mama yangu, aliyefika juzi, hakuulizwa hata jina. Mshahara wa baba ulikuja kama kawaida. Malori ya mlimani yalileta ndizi kama kawaida. Lakini kutoka Merti walikuja wajomba wawili kwa miguu, wakakaa chini katika ule ua bila kusalimia, na tukajua kwamba wanyama wamechukuliwa. Baada ya hapo wale wa mjini nao wakaenda, mmoja mmoja, kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Mama alianza kupeleka chakula si mwisho wa mwezi tu, bali kila jioni kabla ya mlango kufungwa. Habaryar alikula sukuma. Alisema ni tamu, na mama akarudi akalia jikoni, maana alijua si tamu kwake. Huruma ilikuwa sasa inatembea upande mmoja, na hakuna aliyeifurahia.

Wakaamua kwenda kwa ndugu zao, mbali kaskazini. Ruhusa ya safari ilipigwa taipu na baba yangu ofisini. Siku hiyo alirudi nyumbani akakataa chakula. Asubuhi ya kuondoka, habaryar alikuja mlangoni na kile chombo, na kwa mara ya kwanza akakiweka mikononi mwa mama.

"Shikilia mimi hii," akasema. "Nikirudi, nyumba nitaanza na hii."

Rafiki yangu alinivuta pembeni. Alinieleza kwamba mwanamke wao haachi dhiil yake mahali asiporudi, haijatokea, kwa hiyo nisilie. Nikaacha kulia. Niliamini kabisa. Lori lilipoondoka nilirudi ndani nikakitazama kile chombo kama mtu anavyotazama tikiti ya safari.

Jumamosi iliyofuata mama alichemsha maji. Huwezi kukaa na chombo cha mwenzio kikiwa kichafu, alisema, hiyo ni dharau. Kwetu chombo cha jirani kinarudi kikiwa kisafi kuliko kilivyokuja, na mama alitaka siku habaryar atakaporudi akikute kinameremeta. Alikifunua, akaona weusi ule wote, akashika kifua. Akanipa sabuni, mchanga na kitambaa, akaenda sokoni.

Nilijua, nimekwisha kusema kwamba nilijua. Ningeweza kusema sentensi moja tu na mama angeacha. Lakini shuleni mwalimu alitukagua kucha na shingo kila Jumatatu, na watoto wenzangu waliziba pua walipopita wale wenye harufu ya moshi, na mimi nilikuwa nimeanza kuziba pua pamoja nao. Tena nilikuwa na hasira. Rafiki yangu ameniacha, amepanda lori, hata hakugeuka mara ya pili. Nikasugua. Nilisugua kwa mchanga mpaka maji yakatoka meusi, kisha ya kahawia, kisha meupe. Nikakianika juu ya mabati. Mama aliporudi alinisifu, akasema nitakuwa mke mzuri.

Baada ya siku tatu nilikichukua nikakinusa kwa siri. Kilinuka sabuni. Nyuzi zilikuwa zimekauka na kuachana, ukikiinua unaona mwanga ndani. Ndipo nilipopata akili. Nilikuwa na miaka kumi, na kwa akili ya miaka kumi niliona kwamba nimesugua nikaondoa kitu pekee kilichowalazimu kurudi.

Nilimwambia mama wakati huo, nikiwa nimechelewa. Alinisikiliza hadi mwisho, akavaa kitenge chake, akakibeba chombo hadi kwa mama mmoja Mborana aliyekuwa akiuza maziwa karibu na soko. Yule mama alikinusa, akakigeuza juani, akamtazama mama yangu kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Hii mumeua," akasema.

Mama hakubishana, na mama yangu alikuwa mtu wa kubisha. Aliuliza tu kinafufuliwaje. Mborana akacheka kwa uchungu kidogo, kisha akatufundisha: mafuta ya ng'ombe kwenye nyuzi, siku nyingi, halafu moshi, halafu maziwa ya kumwaga, halafu moshi tena, bila kuchoka. Kuni ziwe za mti mgumu. Miti aliyoitumia habaryar ilitoka mbali porini, na porini wakati ule hakuna aliyethubutu kwenda.

Basi mama akachukua kuni za kwetu. Mwisho wa mwezi, badala ya ndizi tu, lori lilishuka na mzigo wa mzeituni wa mwituni kutoka kwenye miteremko ya mlima. Kila Jumamosi, yule mwanamke aliyechukia moshi kuliko nzi alikaa kwenye kigoda, machozi yakimtoka, akitia vijiti ndani ya chombo cha mtu mwingine. Alijiunguza vidole. Baba alimtania kwamba amesilimu kimyakimya. Nyuzi zikavimba, mwanga ukapotea, weusi ukarudi. Mimi nilifagia ndani kwa ufagio mdogo na kila mara niliomba kwa Mungu wetu, na kwa tahadhari kwa Mungu wao, kwamba arudi.

Tuliendelea hivyo mpaka vita vikaisha, nami nimeingia darasa la saba. Siku moja mchana nilisikia mtu akisema salaam aleikum mlangoni, na nikaangusha nilichokuwa nimeshika. Alikuwa habaryar, mwembamba, na viatu vya mpira miguuni. Nilimkumbatia huku nikitazama nyuma yake. Nyuma yake hakukuwa na mtu.

Alikaa, akanywa chai, akatueleza. Walivuka mpaka. Wajomba walibaki huko. Dada wa mumewe hakuwa na mtoto, akamwomba yule binti, naye akampa, kwa sababu huko angalau anakula. Hatarudi. Yeye mwenyewe amepata chumba nyuma ya duka la mtu, anamfulia nguo. Sisi tulikuwa tumejenga nyumba ya mawe mlimani mwaka huo huo. Mama aliomba Mungu nisiitaje, na sikuitaja.

Kisha mama akaenda ndani akaleta chombo, amekishika kwa mikono miwili. Kabla hajakitoa alisema, haraka, kama mtu anayeruka maji:

"Mimi niliiosha. Na sabuni. Sikujua. Nimejaribu kutengeneza."

Habaryar hakukasirika. Alisema bintiye alimwagiza jambo moja tu: akifika, kabla ya kitu kingine chochote, anuse, kisha amtumie habari kama harufu ya kwao bado ipo. Akafungua kifuniko. Akaingiza uso wake ndani, akakaa hivyo muda mrefu, nami nikaona mabega yake yakipanda na kushuka. Alipoinua kichwa, pua ilikuwa na masizi, kama zetu za zamani.

"Hii ni harufu ya kwenu," akamwambia mama. Akafuta pua kwa ncha ya shuka. "Lakini nitaambia yeye iko."

Mama akamimina maziwa ndani yake, maziwa ya ng'ombe tuliyekuwa tumemnunua mlimani, yaliyoletwa na lori asubuhi ile, kwa sababu kwetu chombo hakirudi kitupu. Habaryar akakifunga, akakitia mkanda begani, akaenda kwenye chumba chake. Mimi nilisimama mlangoni. Mama alikuwa amesema ni yeye aliyekiosha, na mpaka anazikwa hakubadilisha maneno hayo mbele ya mtu yeyote. Mikono iliyosugua ilikuwa yangu, na rafiki yangu hajui.