Kibanio Puani mwa Fundi Omari

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa zumari. Nilipewa dafu, nikaambiwa nilale chali juu ya jamvi, niliweke tumboni na nisiliangushe. Nawaambia hivyo mapema nyie vijana mnaonijia na simu zenu na lile swali lenu moja, "Mzee, ulikuwa ukiweza kubana pumzi muda gani?" Sikubana pumzi hata siku moja. Anayebana pumzi hapigi zumari, na mkiniuliza tena nitawafukuza barazani kwangu, msione nimezeeka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilitoka kwetu Adu, kwenye mashamba ya mihogo na mahindi, nikaja Malindi na kuandikwa kazi katika kikundi cha ngoma cha hoteli moja ya ufukweni. Mkuu wetu alikuwa Fundi Omari, mwenyeji wa Barani, mtaa wa papo hapo Malindi, mtu mfupi, kanzu imepigwa pasi daima, maneno yake ya kuhesabu. Kuanzia Malindi mpaka Mambrui, bwana harusi asiyesindikizwa na zumari ya Fundi Omari alionekana kama kaozwa kwa siri. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanitazama kifuani.

"Kazungu, wapumua kwa mabega," akasema. "Lala hapo."

Ndivyo tulivyofunzwa. Ukipumua kwa mabega, pumzi huishia juu, ikawa chache na yenye haraka. Ukipumua kwa tumbo, dafu lapanda polepole na kushuka polepole, moyo unatulia, na mikono inaacha kutetemeka. Charo, mpiga ngoma wetu, alikuwa akishikwa na usingizi kabisa, anakoroma na dafu lake juu ya kitambi. Fundi hakumkaripia. Alisema afadhali Charo kuliko mimi, niliyekuwa nimekakamaa kama mtu anayengoja kudungwa sindano.

Baada ya dafu likaja bua la mpapai. Bua la jani la mpapai lina tundu tangu mwanzo hadi mwisho. Unatia ncha moja ndani ya bakuli la maji, unapuliza, maji yanatoa mapovu, na mapovu hayo hayatakiwi kukatika. Sasa utapumua vipi? Mashavu ndiyo ghala. Unayajaza hewa, na wakati mashavu yanaisukuma nje ile hewa, pua inavuta nyingine kidogo, upesi, bila kelele. Hiyo tulikuwa tukiiita kuzungusha pumzi. Masika yote yalipita nikiwa na bakuli, na Fundi akipita tu anasema, "Yamekatika," hata kabla sijajua kuwa yamekatika. Nilipoweza ndipo nikapewa zumari yenyewe, pamoja na kilimi chake, yaani kile kipande cha ukuti mkavu kilichokunjwa ambacho ndicho kinacholia. Mdomo wa mpiga zumari una kazi yake, haufunguki, kwa hiyo mtu huyo anapumua kwa pua tu. Lishikeni hilo, maana nitalirudia.

Meneja wa Burudani wa hoteli alikuwa kijana mwenye viatu vya kung'aa na kipaza sauti ambacho hakikumtoka mkononi. Asubuhi moja alitukuta tumelala na madafu yetu, akauliza ni kitu gani, Fundi akamweleza. Haikupita wiki, wageni nao wakalazwa kando ya bwawa la kuogelea, kila mmoja na dafu lake tumboni, Fundi akipita katikati yao na kuwaonyesha kwa mkono: panda, shuka. Walipenda. Wengine waliinuka pale na nyuso laini kuliko walivyolala. Fundi alifurahi pia, alisema kumbe Mzungu naye ana tumbo kama letu. Hapo sikuwa na ugomvi na mtu.

Ugomvi ulianza alasiri moja, saa ya chai, mgeni alipouliza mbona zumari haikatiki. Meneja wa Burudani hakutuuliza sisi. Alishika kipaza sauti akawatangazia wageni kwamba mzee huyu hapumui, ni siri ya Afrika, na waangalie saa zao. Wageni wakaangalia saa. Fundi alipomaliza alimfuata, nami nikiwa nyuma yake.

"Bwana Meneja, mie napumua. Waambie napumua kwa pua."

"Mzee, hawa hawakusafiri mbali hivyo kuja kusikia habari za pua yako."

"Lakini hiyo ndiyo kazi yenyewe."

"Kazi yenyewe ni kuwafurahisha wageni. Na ujue msimu ukiisha kitabaki kikundi kimoja tu, nyinyi au wale wa sarakasi."

Mnamsikia? Mtu hajapata kupuliza hata filimbi ya refa, anamwambia Fundi Omari kazi yenyewe ni nini. Mpaka leo nikilikumbuka neno lile masikio yanawaka moto. Fundi alichukua zumari yake, tukatoka. Njiani nilimwambia tuondoke, tuwaachie hoteli yao. Akaniuliza, "Tuende wapi, Kazungu? Wewe hujaoa. Charo ana watoto, na wote wanakula kwa zumari hii."

Basi ikawa hivyo, kila alasiri mtu asiyepumua, mpaka siku alipotokea mgeni mmoja mnene, amekaa mstari wa mbele, akaona matundu ya pua ya Fundi yakicheza. Akasimama akacheka, akasema kwa sauti kuwa ni ulaghai, mzee anavuta kwa pua. Mimi nilishukuru moyoni. Nikasema sasa angalau mmoja ameona jinsi kazi inavyofanywa. Meneja wa Burudani yeye alikwenda mbio nyuma ya jikoni, kwenye kamba ya dobi, akarudi na kibanio cha nguo. Kibanio, kile cha kuanikia shuka. Hakuomba. Alimfikia Fundi Omari aliyeketi na zumari mapajani, akambana pua mbele ya watu, kisha akawapigia wageni saluti.

Nilidhani Fundi atakitoa na kukitupa. Alinitazama mimi, akamtazama Charo, akasimama, akavuta pumzi moja kwa mdomo, ndefu, akaitia zumari kinywani.

Mtu aliyebanwa pua hawezi kuzungusha pumzi. Ana ile moja aliyovuta, na mashavu, basi. Fundi angeweza kuachia midomo akavuta nyingine, ila sauti ingekatika, naye tangu ujana wake hakuwahi kukatiza sauti mbele ya watu. Akapiga. Akaendelea kupiga pale ambapo mimi ningekuwa nimeshaacha. Mishipa ya shingo ilimsimama, macho yakawa mekundu, mlio ukaanza kuwa mwembamba, halafu magoti yake yakalegea na kiti kikaanguka naye. Charo aliruka kumtoa kibanio. Na wale wageni wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo, wakasimama kabisa wakipiga makofi, naye Fundi wa watu yuko chini kwenye sakafu ya mawe akitafuta hewa.

Meneja wa Burudani aliinama akamwambia sikioni, nami nilisikia, "Safi sana, mzee. Kesho tena hivyo hivyo. Na kule kuanguka usisahau."

Fundi Omari alianguka msimu mzima. Alijifunza kuanguka kama alivyonifunza mimi bua la mpapai: pumzi moja, mlio wembamba, magoti, sakafu, makofi. Hakuumia tena, kwa sababu alijua sasa akatize wapi. Mimi nilikuwa sili chakula cha pale. Nilimwambia tena tuondoke, akaniambia, "Si kitu, Kazungu, ni mchezo tu, zumari ya kweli iko Barani." Alikuwa akiamini hivyo, na hapo ndipo hasira yangu inaponikaba.

Kwa sababu msimu ulipokuwa unaisha, kulikuwa na harusi huko huko Barani, mtaani kwake, mtoto wa jirani yake. Alasiri tukatoka kumpeleka bwana harusi, vijana mbele wakicheza kirumbizi na fimbo zao, Charo kwenye ngoma, mimi pembeni, Fundi katikati. Kwetu sisi, zumari ya kumpeleka bwana harusi haikatiki tangu nyumbani kwao mpaka mlangoni kwa bibi harusi. Ikikatika, fimbo zinashuka na kila mtu anasimama.

Tulipofika kwenye kona ya pili, zumari ikakatika.

Fimbo zikashuka. Hakuna aliyecheka, na laiti wangecheka. Fundi akasema samahani, kilimi kimekauka, akakilowesha, akaanza upya. Ikakatika tena baada ya muda ule ule, na safari hii nikaona kitu ambacho sitaki mtu aniambie nilikiota: magoti yake yalikunjika. Pua ilikuwa wazi, haina kibanio, ila haikuvuta. Mwili wake ulikuwa umezoea kuwa pale ndipo mwisho. Fundi Omari, aliyeweza kusikia mapovu ya mwenzake yakikatika, alisimama njiani mbele ya watu wa mtaa wake na zumari mkononi hajui aifanyeje. Kisha akanipa mimi.

"Endeleza," akasema. "Anzia hapo hapo."

Nikaendeleza mpaka mlangoni. Nilipogeuka nilimwona yuko nyuma kabisa, anatembea na watu wasiopiga wala kucheza, kanzu yake imepigwa pasi.

Hakurudi hotelini. Siku ya pili Meneja wa Burudani aliniita, akanipa kile kibanio, akasema sasa ni zamu yangu, na kwa kuwa mimi ni kijana nitaanguka vizuri zaidi. Nikamwambia, "Kitie puani mwako kwanza, halafu uniambie tena hayo maneno." Akacheka. Nikakitupa bwawani, nikaondoka, na nyuma yangu nikasikia Charo anakusanya ngoma zake. Meneja Mkuu, ambaye hatukuwahi kusikia sauti yake, alituma askari wa lango atukague mikoba. Ndiyo iliyokuwa shukrani yao.

Nilikwenda Mtwapa, nikapiga kwenye baa moja nyuma ya magitaa ya umeme. Hakuna aliyenisikia pale, lakini hakuna aliyenigusa pua. Baadaye nilipata kazi Kilifi, katika shule moja, kufundisha watoto filimbi na zumari kwa ajili ya mashindano ya muziki. Mwalimu Mkuu wa shule ile alikuwa akinihimiza, "Mzee Kazungu, haraka, mashindano yamekaribia," nami nikawapa watoto mabua ya mpapai na kumwacha aseme. Huko ndiko nilikostaafia.

Nilikuwa nikimtembelea Fundi kila nilipokwenda Malindi. Nampa shikamoo, anaitikia, nakaa naye, na mara hasira inaniingia nataka kuzungumza habari za yule meneja. Ananitazama kifuani. "Wapumua kwa mabega, Kazungu," ananiambia. Hakupiga tena mpaka alipofariki. Watu huniambia nisamehe, yamepita. Yamempita nani? Mtu alikuwa na kitu alichokijenga tangu utotoni, akaja mwingine akakivunja kwa kibanio cha dobi, kisha akapigiwa makofi. Sisamehi, na wala sioni haya kusema.

Juzi kifua kilikuwa kinanibana, nikaenda hospitali. Muuguzi, binti mdogo wa rika la wajukuu wangu, akanikalisha mbele ya mashine yenye mrija, akasema nitavuta pumzi na kupuliza yote kwa nguvu ili wapime mapafu. Halafu akatoa kwenye pakiti kibanio kidogo cha plastiki.

Nikasimama. Nikamwambia, "Hicho kirudishe kilikotoka."

Hakucheka. Aliniambia, "Shikamoo tena, babu. Ni kwa sababu pumzi ikivuja puani kipimo kitadanganya. Hutaki, hatukiweki. Ila nitakuomba tutafute njia nyingine."

Nikakaa. Nikangoja hadi tumbo likaanza kupanda na kushuka kama siku zile za dafu. Toka nianze kazi ya kupuliza, ni yeye wa kwanza kuniomba. Nikamwambia kibanio hapana, lakini kama pua lazima ifungwe nitaifunga mwenyewe. Nikaibana kwa vidole vyangu viwili, nikashika mrija, nikapuliza. Akasema, "Basi babu, yatosha." Niliendelea mpaka nilipomaliza, ndipo nikaachia pua.