Gari Lililomkataa Mama Mkwe

Watu wengi wanaomiliki magari hapa Arusha hawastahili hata baiskeli. Nasema hivi nikiwa na lori, pikapu na gari dogo la Kijapani, yote yametoka kwenye mikono hii miwili, sikuachiwa urithi na mtu. Niliacha shule darasa la tano nikasukuma mkokoteni sokoni. Nilibeba viazi vya watu, nikabeba mabati ya watu, mpaka siku moja nikaanza kubeba mabati yangu mwenyewe. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi, na wahandisi wenye miwani wanakuja kuniuliza nondo ipi itafaa ghorofa.

Sasa mtazame mwenye gari wa siku hizi taa ya injini ikimuwakia kwenye dashibodi. Anaiziba kwa plasta. Nimewaona kwa macho yangu, tena watu wa tai. Mwingine anamwambia fundi aitoe balbu kabisa, taa isiwake tena milele, kisha anaondoka anapiga mluzi. Ni kama kumchinja jogoo ili kusikuche.

Mimi ya gari langu dogo sikuiziba. Taa hiyo ya njano ilikuwa inawaka siku mbili, inazima wiki nzima, inawaka tena. Hiyo ningeivumilia. Kilichoniudhi ni kwamba lilianza kuzima njiani, ghafla, kama mtu amepuliza mshumaa. Unakaa kidogo, unawasha, linanguruma kama halijafanya kitu. Gari la namna hiyo ni sawa na mtoto mtundu mbele ya mwalimu: ukimtazama, ametulia.

Na lilikuwa na siku zake za kuchagua. Lilizima akipanda mama mkwe wangu.

Mama mkwe anaishi Terrat, ana ng'ombe wake na shamba la mahindi. Ni Mwarusha. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, na nilipomposa binti yake sikuwa na kitu zaidi ya mkokoteni na mdomo. Ndugu wote wa mke wangu walinicheka. Yeye hakucheka. Aliuliza tu kama nasali na kama napiga wanawake, akapokea kondoo niliyemletea, yakaisha. Kwa Waarusha, mkwe akishampa mama wa mke wake kondoo, hawaitani tena kwa majina. Wote wawili wanakuwa Paker, kwa ajili ya yule kondoo. Ananiita Paker, namwita Paker, mpaka leo.

Heshima hiyo ina masharti yake. Hatuli meza moja, hatukodoleani macho, na kwenye gari langu hakai mbele hata umbembeleze. Anakaa nyuma, upande wa kulia, sawasawa na mgongo wangu, ili tusionane. Nami nakigeuza kioo cha ndani kitazame dari. Wapo wanaotucheka. Wacheke. Wao wanatazamana na wakwe zao macho kwa macho, na jioni wanatukanana kwenye simu.

Mara ya kwanza lilizima kwenye barabara ya mawe, tumetoka kumchukua kumpeleka kliniki ya macho. Taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja, nyekundu na njano, kama duka la Krismasi. Tukashuka wote. Nikafungua boneti, nikatikisa waya wa betri, nikarudi nikawasha. Likawaka. Nikajipiga kifua mbele ya mke wangu. Mara ya pili hivyo hivyo: tumeshuka, nimetikisa waya, limewaka. Nikaona mkono wangu una dawa. Mara ya tatu lilizima kwenye kilima cha kuingia Sekei ninakokaa, bodaboda nyuma yetu wanapiga honi na kutoa maneno, na mama wa watu akashuka na Biblia yake na fimbo yake akasimama kwenye mtaro mpaka lilipowaka.

Siku nyingine zote lilikwenda bila kukohoa. Nilikwenda nalo peke yangu mpaka Nduruma kuangalia vitunguu vyangu, mashimo mwanzo mwisho, vumbi mpaka ndani ya masikio. Halikuzima hata mara moja.

Wa kwanza kutoa majibu alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye shahada yake ameitundika sebuleni kwenye fremu kubwa kuliko ya picha ya harusi yake. Alinipigia simu.

"Shem, lakini umeona? Linazima akipanda mama tu."

"Nimeona."

"Watu huku wanasema ana mkosi tangu mzee afariki. Mimi siamini mambo hayo, unanijua, lakini..."

"Lakini nini?"

"Lakini siku ya kipaimara si bora asipande? Tusije tukamharibia mtoto siku yake."

Huyo ndiye msomi wa ukoo. Alisomeshwa kwa ng'ombe wa mama huyo huyo, ng'ombe mmoja baada ya mwingine mpaka zizi likaonekana upande wa pili, na alichotoka nacho chuoni ni kuogopa mkosi kwa sauti ya upole.

Kumbe alikuwa ameshamwambia na mama mwenyewe. Siku chache baadaye mama mkwe akamtumia mke wangu ujumbe: "Mwambie Paker asihangaike. Gari likimkataa mtu mara tatu, mtu na aelewe. Mjukuu wangu nitamwombea nikiwa hapa hapa." Alikataa pikapu, akakataa na gari la kukodi. Hakutaka kupanda gari lolote siku hiyo, asije akaonekana amebeba balaa kwenda nalo kanisani.

Binti yangu wa mwisho, ambaye yuko shule ya bweni, ndiye aliyekuwa anapata kipaimara Jumapili ile. Bibi yake ndiye aliyemfundisha Baba Yetu, kwa Kimaa cha kwao kwanza, Kiswahili baadaye. Mke wangu alikuwa amemshonea mama yake gauni la kitenge kwa ajili ya siku hiyo. Alipopata ule ujumbe alilikunja taratibu akalirudisha kabatini. Mimi nikasema neno moja tu: hakuna gari nililonunua kwa jasho langu litakalomkataa mwanamke aliyenipa mke nikiwa sina viatu.

Jumamosi asubuhi nikaliweka gari katikati ya uwanja wa nyumba yangu. Fundi wangu alikuja na sanduku lake. Jirani naye akaja bila kuitwa. Huyu jirani ni mhadhiri wa chuo, amenunua kidude cha kupimia magari, kidogo kama kiberiti, unakichomeka chini ya usukani nacho kinazungumza na simu. Tangu akipate amekuwa daktari wa mtaa. Anazunguka nacho kama padri na maji ya baraka.

Akakaa mbele, kiti cha abiria, akaisoma simu yake kwa midomo.

"Mzee, tatizo nimelipata."

"Haraka hivyo?"

"Mchanganyiko ni mwembamba. Hewa nyingi, mafuta kidogo. Hiyo ni sensa ya moshi, kile kipimo cha kwenye bomba la moshi. Badilisha sensa."

"Wiki iliyopita si ulisema koili ya plagi?"

"Wiki iliyopita lilikuwa linasema vingine."

"Na koili nikabadilisha."

"Ndiyo, sasa umeshaondoa koili kwenye mashaka. Ndivyo sayansi inavyokwenda, mzee."

Inavyokwenda kwenye mfuko wa nani? Nikamgeukia fundi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti changu cha dereva anakanyaga mafuta vuum, vuum, kama mtoto.

"Na wewe unasemaje?"

"Bosi, mimi naona tubadilishe kompyuta ya gari."

"Unaona wapi?"

"Si naona tu."

Injini ilinguruma karibu saa nzima bila kutetereka. Wamekaa mbele wote wawili, mmoja na simu, mwingine na mguu, wanasubiri gari liumwe mbele yao. Mke wangu akaleta chai. Akasimama na birika mkononi, akawatazama.

"Mbona mnakaa mbele wote? Mama hakai mbele."

Mhadhiri akacheka, kile kicheko cha kumwonea mtu huruma. "Mama, injini iko mbele."

Lakini mimi sikucheka. Mtu aliyesukuma mkokoteni anajua kitu ambacho hakipo kwenye simu ya mtu: mkokoteni mtupu haulii. Ukitaka kujua unalia wapi, upakie, tena upakie pale pale ulipokuwa umepakiwa ulipolia. Magari yangu nayaendesha mimi. Mke wangu anakaa kushoto kwangu, watoto wameondoka, kiti cha nyuma hakuna anayekikalia isipokuwa mama mkwe. Na gereji hivyo hivyo. Fundi gani wa Arusha anakwenda kujaribu gari akakaa kiti cha nyuma? Kila mwanaume anataka usukani, na asiyeupata anataka kukaa jirani nao. Mpaka siku ile, makalio yote yaliyolipima gari langu yalikuwa ya mbele.

Fundi akaanza kufungua mlango wa nyuma ili akae. Nikamwambia atoke. Kile ni kiti cha Paker wangu, si cha ovaroli lenye grisi. Nikaingia stoo, nikatoka na mfuko wa saruji begani, nikaulaza kiti cha nyuma, kushoto kwanza ili nilinganishe, nikaufunga mkanda.

"Mzee, unafanya nini?" mhadhiri akauliza.

"Nampandisha abiria."

Nikatoka getini, nikapita tuta lililo nje ya nyumba yangu, nikarudi. Hakuna kitu. Mhadhiri akamkonyeza fundi, nikamwona. Nikauhamisha mfuko upande wa kulia, nikaufunga tena, nikatoka. Tairi la nyuma liliposhuka kwenye tuta, gari likafa. Duka zima la Krismasi likawaka kwenye dashibodi.

Nikauinua mfuko. Likawaka. Nikaurudisha nikapita tuta. Likafa.

"Inaweza ikawa bahati mbaya tu," mhadhiri akasema.

"Kunywa chai yako, mwalimu."

Tukaking'oa kiti. Chini ya kiti cha nyuma, upande ule wa kulia, kuna kifuniko, na chini ya kifuniko ndipo ilipo pampu inayopeleka mafuta kwenye injini. Pampu hiyo fundi wangu aliibadilisha mwaka huu huu. Klipu ya waya wake ilikuwa imevunjika, na mtu alikuwa ameifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kinundu kikubwa kama ngumi. Mtu akikaa juu yake, kiti kinakandamiza kinundu. Gari likiruka, waya unaachia, pampu inalala, injini inakosa mafuta. Akishuka, kinundu kinapumua, waya unagusa tena. Ule mkono wangu wenye dawa kwenye betri ulikuwa unatikisa hewa tu. Dawa ilikuwa mama wa watu kushuka.

Fundi alikuwa anatazama mawingu juu ya Meru.

"Bosi, hiyo klipu ilivunjika yenyewe."

"Na huu mpira ulijifunga wenyewe?"

Akainamia sanduku lake kutafuta spana. Mhadhiri ndiye aliyechangamka. "Si mnaona? Mashine ilisema mafuta kidogo! Haikukosea!"

"Mashine ilisema mtu ana njaa," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyetaka tumbadilishe pua."

Fundi akaenda mbio mjini kutafuta klipu mpya. Alipomaliza kuifunga nilipita lile tuta na saruji yangu mpaka majirani wakatoka kuchungulia. Halikuzima. Nikautia ule mpira mfukoni, nikamchukua mke wangu, tukaenda Terrat, mfuko wa saruji umekaa kulia nyuma yangu na mkanda wake kifuani.

Mama mkwe alikuwa anapepeta maharage uani. Nikasimama kwa mbali, uso pembeni, nikamsalimia kwa Kimaa.

"Takwenya, Paker."

"Iko," akaitikia. Akatazama ndani ya gari. "Na huyo aliyekaa kiti changu ni nani?"

"Ni saruji, Paker. Imekuja badala yako, kulijaribu gari."

Mke wangu akamweleza yote kwa Kimaa, akampa ule mpira. Akaugeuza mkononi, akauvuta, akaunusa.

"Huu ndio mkosi wangu?"

"Ndio huo."

Akaurudisha kwa binti yake. Kisha akasema, si kwangu, kwa maharage yake: "Mwanangu alinipigia simu nisije. Yule aliyesoma."

"Amesoma sana, Paker."

"Sana." Akapepeta tena mara mbili tatu, makapi yakaruka. "Hiyo saruji ishushwe. Kitu kilichokaa kiti changu hakirudi dukani."

Nikaishusha mwenyewe. Mlangoni kwake sakafu ilikuwa imepasuka siku nyingi, na wala hakuniomba kamwe.

Jumapili alikuwa tayari kabla hatujafika, amevaa kitenge chake, fimbo imepakwa mafuta. Akapanda nyuma, upande wake. Nikakigeuza kioo kitazame dari. Barabara ya mawe tukaipita kimya. Kilima cha Sekei tukakipanda kimya. Kabla ya kanisa kuna tuta kubwa, na tulipolikaribia nikasikia mkono wake umeshika kiti changu kwa nyuma. Akajiinua. Mwanamke wa umri ule, na magoti yale, alijining'iniza hewani ili asilikalie gari langu. Nikapunguza mwendo. Tairi za mbele zikapita, za nyuma zikapita, injini ikaendelea na kazi yake, dashibodi nyeusi haina hata taa moja.

Mbele kidogo palikuwa na tuta jingine, na shemeji yangu amesimama pale getini pa kanisa na suti yake. Nikasikia mkono umeachia kiti changu. Akakaa. Akakaa kwa uzito wake wote.