Leso ya Mama Zuhura

Enzi zetu, mapenzi ya kwenye televisheni yalikuwa mekundu, yenye maua meusi pembeni, na katikati yaliandikwa SUBIRA YAVUTA HERI. Tulioyatazama Voi tunajua.

Tulipanga nyumba mtaa wa Kaloleni, hapo hapo Voi, baada ya wazazi wangu kuteremka kutoka milimani kutafuta kazi. Jirani yetu Mama Zuhura, mke wa muuza vitambaa, ndiye aliyekuwa na televisheni. Jumamosi mchana tuliacha michezo yetu ya kati na bladda tukasugua miguu mpaka vumbi jekundu likubali kutoka, maana mkeka wake haukukanyagwa ovyo. Tuliketi tukinusa kaimati jikoni, huku mwenzetu Mwadime akiwa nje ameshikilia mlingoti wa antena. Akiuachilia tu, waigizaji wanageuka manyunyu. Maskini, filamu zote alizijua kwa masikio.

Sasa mvulana na msichana wa filamu wakianza kusogeleana, Mama Zuhura alisimama akatandaza leso mbele ya kioo, mgongo kwetu, uso kwa televisheni, mpaka mambo yapite. Lazima mmoja aangalie, alisema, ajue yamekwisha saa ngapi. Sisi tulibaki kusoma leso. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na bintiye Zuhura, rafiki yangu, alininong'oneza kwamba mama ana hasira na watu wasio na haya. Tuliamini, tukawahurumia wale waigizaji.

Ilipofika siku ya wazazi shuleni, tulitunga mchezo wa mapenzi, tena wa huzuni. Mimi nilikuwa mchumba, na Mwadime, aliyepumzishwa kushika antena siku hiyo, alikuwa bwana harusi mtarajiwa aliyefukuzwa kazi shamba la mkonge. Aliponyoosha mkono kunishika wangu, Zuhura aliinuka na leso, akatusimamia mbele, mgongo kwa wazazi. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mama mmoja kutoka Mwatate alimwaga bakuli lake zima la kimanga, na Mama Zuhura alijifunika uso kwa buibui. Sisi jukwaani tulishangaa, nami nilikaribia kulia. Hatukukusudia kumchekesha mtu. Tulidhani kila penye mapenzi huwa na mtu wa leso, kama mpira ulivyo na refa.

Siku hiyo ndiyo iliyonipa kazi ya kuigiza vichekesho inayonilisha hadi leo. Tukisubiri kupakwa poda, sisi waigizaji hubishana sana. Mwenzangu mmoja anayependa michezo ya vifo na misiba husema vichekesho ni vya wasioweza kulia. Namjibu kwamba kumliza mtu hata kitunguu kinaweza, kisha hanisemeshi mpaka chakula kije. Mimi naamini kichekesho cha mapenzi hakiko kwa wawili wanaopendana. Kiko kwa yule aliyesimama katikati yao. Nilipomwambia hivyo kijana ninayeigiza naye, ambaye hawezi kutamka "nakupenda" bila kwanza kujitazama kwenye simu, alicheka. "Aunty, siku hizi love inaanza kwa DM na kuisha kwa blue tick. Hiyo leso utaiweka wapi?"



Idi iliyopita nilikwenda Voi kumsalimia Mama Zuhura, na nilikuta habari imenitangulia. Filamu yetu mpya ilikuwa tayari kuonyeshwa sebuleni kwake, kwenye televisheni ya ukutani iliyo pana kama kitanda. Ndani yake kuna mahali nakumbatiwa, tena vizuri. Niliicheza mbele ya mafundi wa kamera bila wasiwasi, lakini kwenye ule mkeka nilitokwa na jasho. Yule mama alinilea pamoja na wanawe. Niliogopa asije akaacha kuniita mwanangu.

Wajukuu waliketi, simu mikononi. Najua walishaitazama yote kitambo. Filamu ikafika penyewe, kijana akaanza kunisogelea, na Mama Zuhura akayatazama magoti yake. Kisha akavua leso mabegani, akanipa.

"Mghoi, mwanangu, simama wewe. Miguu yangu haitaki tena."

Nikasimama. Leso haikutosha, kichwa changu cha kwenye kioo kilichungulia upande huu na cha kijana upande ule, lakini wajukuu waliziweka simu chini, wakatulia, wakasoma maandishi kama sisi zamani. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa upande wa pili wa leso. Nikajiona nimefumba macho, midomo imechongoka, pua ya mwenzangu imenikwama shavuni, na nikajua alichokuwa akikiona yule mama miaka yote ile, peke yake. Niliikumbuka ile sebule ndogo, na Mwadime na antena yake, nikatamani turudi. Lakini kicheko kilinibana hadi machozi.

"Bibi," mtoto mmoja akauliza nyuma yangu, "mbona aunty anatikisika mabega?"

"Ana hasira," akasema Mama Zuhura. "Kaeni kimya."