Sifuri za Aune Niskanen

Aune Niskanen alikuwa na sikio, na watu wa ule mwambao wa kaskazini wa Ziwa Superior walilijua sikio hilo kuliko walivyoijua sura yake. Miaka ishirini na saba aliendesha basi la shule, na watoto waliapa kwamba alimtambua aliyetafuna bazoka kiti cha nyuma kabisa. Alipostaafu, sikio lile akalihamishia kwa ndege. Kila Septemba, majani yakianza kugeuka rangi na ndege wakimiminika kutoka Kanada kufuata ukingo wa ziwa, yeye ndiye aliyetangulia mbele ya kundi la watazamaji kila Jumamosi, darubini kifuani, kidole juu. "Huyo. Na huyo. Na yule wa kule." Wenzake waliandika kabla hawajaona hata unyoya. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo: katika ndege kumi wanaoingia daftarini, saba husikika tu, maana misonobari imeshonana na ndege hawatulii mahali hata muda wa kupiga chafya.

Sasa Septemba tatu mfululizo ndege wawili walikuwa wakipotea katika daftari lake. Mmoja ni taji-dhahabu, kandege kadogo kama kidole gumba, kenye mstari wa njano utosini. Wa pili ni mpanda-gome, anayeparamia mashina ya miti kama panya. Mwaka wa kwanza wa balaa aliandika taji-dhahabu tisa. Wa pili, wawili. Mwaka huu sifuri, sifuri, sifuri, tangu mwezi ulipoanza.

Aune hakuhitaji mpelelezi. Jirani yake Orrin Bakke, fundi mstaafu wa injini za boti, aliishi peke yake na paka watatu, na paka hao walizurura kutwa chini ya misonobari ya Aune. Akaandika ombi kwa baraza la kijiji: paka wa Orrin wamewamaliza ndege hao; wafungiwe ndani, la sivyo waondolewe. Watu arobaini na mmoja walitia sahihi, wengi wao bila kusoma, kwa kuwa daftari la Aune lilikuwa daftari la Aune. Kikao kikapangwa Alhamisi.

Orrin akakana kwa kila aliyemuuliza, wala hakukaa bure. Alinunua kengele tatu ndogo, akawavisha paka shingoni, ili ndege wasikie hatari inakuja. Alitumaini hilo litatosha.

Jumatatu asubuhi Siagi, yule paka wa manjano, alipita hatua tatu mbele ya Aune, kengele ikining'inia, kimya kama maji mtungini. Aune akavuka uzio bila kufunga hata kamba za viatu.

"Orrin! Umezitia pamba kengele?"

"Za asubuhi na wewe, jirani. Kahawa ipo."

"Kahawa yenu Wanorwei ni maji ya kuoshea soksi. Nimeuliza kengele."

"Zipi? Hizi zinazoniamsha alfajiri nikidhani Krismasi imefika?"

"Paka wako kapita mbele yangu sasa hivi. Kimya!"

Orrin akamnyanyua Siagi, akaishika kengele kwa vidole viwili, akaitikisa mbele ya pua ya Aune. Aune akaona kigololi kikichezacheza ndani. Akangoja sauti. Haikuja.

"Haya," alisema Orrin. "Umeridhika?"

"Bovu. Umenunua kengele bubu. Ubahili utakuua wewe."

Orrin akamtazama, akaitikisa tena. Paka wengine wawili wakatoka jikoni mbio kuona mwenzao anaitiwa nini.

"Jirani, unanitania?"

"Wewe ndiye unayenitania mimi, mzee mzima!"

Akarudi kwake akiwa hajui akasirike vipi. Uongo aliuelewa, na ubishi alizaliwa nao. Lakini mtu kutikisa kengele bubu mbele ya macho yako, kisha akusikitikie? Huo mchezo gani?

Jumatano mwenyekiti wa baraza, Marlys Dufault, akapiga simu.

"Aune mpenzi, lete na picha. Daftari lako tunaliamini, lakini siku hizi watu wanataka picha."

"Picha ya nini, Marlys? Ya ndege asiyekuwepo?"

"Basi ya paka aliyepo."

Aune akachukua kamera yenye lenzi ndefu kama mguu wa suruali, akajibanza kando ya banda la kuni. Siagi hakumchelewesha. Alipanda msonobari, akalala juu ya tawi, mkia ukicheza. Aune akapiga picha sitini. Juu kote kimya. Akaandika daftarini: taji-dhahabu, sifuri. Mpanda-gome, sifuri.

Jikoni akakata kipande cha mkate wa iliki, akaziingiza picha kwenye kompyuta, akaanza kuzikuza moja moja atafute ile inayomwonyesha paka kama jambazi.

Picha ya thelathini na moja ilikuwa na doa la njano nyuma ya sikio la Siagi. Akaifuta skrini kwa kiwiko. Doa halikutoka. Akalikuza. Likawa na jicho.

Akauacha mkate mezani. Taji-dhahabu mmoja, wanne, akahesabu kumi na mmoja, na ubavuni mwa shina mpanda-gome amejibana kama gamba. Aune alikuwa amesimama chini yao robo saa nzima! Fikra ya kwanza ikawa kamera ina kasoro, inachanganya picha za zamani. Ya pili, kwamba ndege wameacha kuita, pengine ugonjwa. Akasogea hadi picha ya thelathini na tatu. Taji-dhahabu kaachama, ulimi unaonekana. Anaita. Na chini yake Siagi kageuza kichwa, masikio yamesimama, moja kwa moja kuelekea mdomo ule.

Paka alikuwa anasikia.

Kila mtazamaji wa ndege anajua kwamba uzee huanza kwa kuiba sauti nyembamba, na mwenyewe huwa wa mwisho kupata habari. Mzee Einar, aliyeliongoza kundi kabla yake, alipata hayo hayo. "Kwa Einar," watu walitania, "taji-dhahabu wote walishakufa." Aliyeanzisha utani huo ni Aune.

Akateremsha madaftari yote, akayapanga mezani. Sifuri za mwaka huu zilikuwa zake, si za ndege. Na wale wawili wa mwaka jana? Na wale tisa? Labda walikuwa tisa kweli, labda tisini. Akashika kalamu nyekundu, akaiweka, akaishika tena. Mtu angeweza pia kunyamaza. Picha ya paka ilikuwepo, sahihi arobaini na moja zilikuwepo, na paka ni paka, hula ndege. Nani angemuuliza Aune Niskanen kama anasikia?

Alhamisi jioni ukumbi ulijaa. Aune akasimama kabla hajaitwa.

"Naondoa ombi langu."

"Unaondoa nini?" Marlys alivua miwani.

"Ndege wapo. Mimi ndiye siwasikii. Hesabu zangu msizitumie."

Mtu wa nyuma akapaza sauti: "Lakini mimi nilitia sahihi kwa sababu yako!"

"Basi siku nyingine usome kwanza."

"Ngoja, ngoja," alisema Marlys. "Paka wana kosa ama hawana?"

"Sijui."

"Aune, ulikuja hapa kwangu wiki mbili zilizopita umejaa kama mtungi!"

"Wiki mbili zilizopita nilijua. Leo sijui."

"Na hesabu tulizokwisha kuzituma chuo kikuu miaka hii yote? Tuzifute kuanzia mwaka gani?" aliuliza mtazamaji mwenzake mmoja.

"Hilo ndilo nimekesha nalo."

Hapo Orrin akainuka, kofia mkononi. Watu wakajua sasa anakuja kujisifu. Akakohoa.

"Siagi kaleta wawili wiki iliyopita," alisema. "Wale wenye mstari wa njano. Mwingine tena juzi, paka akiwa na kengele shingoni. Nimewazika nyuma ya banda."

Ukumbi ukaingia kimya ambacho hata Aune alikisikia.

"Sasa siku zote ulikuwa unakana nini, bwana wewe?" aliuliza Marlys.

"Kwamba wamewamaliza. Hawajawamaliza. Yeye alisema wamewamaliza."

Glenn, karani wa baraza, akainua kalamu. "Samahani, mwenyekiti. Niandike nini?"

"Andika mlalamikaji kasema hana hakika."

"Na mlalamikiwa?"

"Kasema ni kweli."

Glenn akaandika neno moja, akalikata.

"Nitawafungia ndani," alisema Orrin. "Septemba na Oktoba, hadi ndege wapite. Baraza lisinilazimishe. Nimeamua mwenyewe."

Aune alikuwa amepata alichokiomba, siku ile ile aliyokiri kwamba hana ushahidi wa kukiombea. Hakujua ashukuru au akasirike. Akakasirika, kwa kuwa ndilo alilolizoea.

"Miezi miwili tu?" alimgeukia Orrin. "Na mwezi wa tano je, wakirudi?"

"Jirani," alisema Orrin, akivaa kofia, "utajuaje kama wamerudi?"

"Nitapiga picha!"