Maji ya Kuonja

Kwa shangazi yangu maji yalikuwa na heshima kuliko watu. Nyumba yake ilikuwa Mulekera, Beni, kando ya njia ya vumbi wanapopita wenye pikipiki, na katikati ya uwanja wake palisimama robine, bomba la maji ambalo jirani wengi hawakuwa nalo. Wao waliteremka bondeni kwenye chemchemi, wakapandisha maji kwa bidoni, madumu ya njano, wakapita mbele ya lango letu wakihema. Shangazi alipenda kulifungua lango saa hizo. Alifungulia robine akamwagilia maua yake polepole, huku akiwauliza wapita njia habari za watoto. Maua yenyewe hayakuwa na kiu, kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha karibu kila jioni.

Nilifika kwake katika umri wa kuanza sekondari, nikitokea upande wa Eringeti, kijiji chetu kilipotawanywa na mashambulizi. Baba, ndugu yake wa tumbo moja, hakutoka huko. Mama alichukua wadogo zangu akaenda nao Kayna, mbali kusini, kwa watu wake ambao nao walikuwa wamebanana. Mimi niliachwa Beni kwa sababu kwa shangazi kulikuwa na nafasi na kulikuwa na shule.

"Fanya yote yenye batakuambia," mama aliniambia tulipoachana. "Hatuna kwingine."

Maneno hayo niliyabeba kama mzigo wa kichwani, bila kugeuza shingo. Nilijua kwamba siku nitakayotolewa katika nyumba ile sina mlango mwingine wa kubisha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, pamoja na ufagio na sufuria.

Kikombe pia nilipewa. Kilikuwa cha plastiki, cha kijani, na msumari wake wa kukitundika ulikuwa nje, kwenye nguzo ya jiko. Jioni ya kwanza niliinama kunywa kwenye robine, shangazi akanishika bega.

"Tumbo ya batu ya pori haizoeake maji ya robine," alisema, tena kwa sauti ya mtu anayenihurumia. "Itakuuma bure. We utakunywaka ya source."

Basi kila asubuhi niliteremka bondeni pamoja na wale waliokuwa wakisalimiwa langoni, nikachota maji yangu mwenyewe kwenye chemchemi iliyojengewa ukuta wa mawe, nikayapandisha hadi kwenye nyumba yenye maji. Wanawake wa chemchemi walinicheka. Waliniuliza kama robine ya kwetu imeoa ndiyo maana hainitaki. Nilicheka nao, maana ukichekwa na watu wazima afadhali ucheke pia, lakini moyoni nilimchukia shangazi kuanzia wiki ile, na sijawahi kuona haya kwa chuki hiyo.

Robine ilikuwa na shimo lake. Shangazi aliogopa kuibiwa maji akiwa sokoni, kwa hiyo alichimbisha shimo la saruji mahali bomba linapoingia uwanjani, akaweka humo kifungio cha kukata maji, na juu yake kifuniko cha chuma chenye kufuli. Ufunguo aliuvaa shingoni, chini ya kitambaa, pamoja na msalaba. Kila asubuhi alifungua kufuli, mimi nikainua kifuniko na kukishikilia, yeye akaingiza mkono kuzungusha. Kifuniko kilikuwa kizito, na kwa kuwa nilisimama nikikishikilia sikuwa na kitu kingine cha kutazama isipokuwa ndani.

Ndani kulikuwa na maji meusi. Yalitoka kwenye bafu iliyokuwa jirani, pale tulipoogea wote na pale mtoto wa nyumba alipooshwa akijichafua, yakapenya taratibu hadi shimoni. Bomba lilikuwa limelala humo, na kwenye kiungo chake mtu alikuwa amefunga kipande cha mpira wa tairi la pikipiki kuzuia uvujaji. Maji yalipokuwa na nguvu, kiungo kilitoa mapovu. Yalipokatika, kama yalivyokatika mara kwa mara, mapovu yaliacha. Na nikaona jambo moja ambalo kila aliyewahi kuosha vyombo angeliona: maji yakikatika mjini, yale meusi ya shimoni yanapungua. Hayakuwa na pa kwenda ila ndani ya bomba.

Nilikaa na jambo hilo kwa muda. Mtoto asiye na kwao hasemi upesi.

Shangazi alikuwa na binti mdogo, kitinda mimba, aliyeanza tu kusema maneno yanayoeleweka. Wakubwa wake walikuwa wanasoma mbali. Huyu nililala naye kitanda kimoja, nilimbeba mgongoni nikipika, na aliniita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Nilimpenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote mjini Beni, na nafikiri yeye ndiye pekee katika nyumba ile aliyefurahi nikirudi kutoka shule.

Mvua zilipozidi, alianza kuhara na kuchemka mwili. Kisha baba yake, kisha shangazi mwenyewe. Mtoto alikataa kunywa chochote isipokuwa kwenye kikombe changu cha kijani, kwa vile rangi ilimpendeza. Nikawa ninampa maji yangu ya chemchemi nyuma ya jiko, kidogo kidogo, na akaanza kupata nguvu. Alishuka kitandani. Alianza tena kukimbiza kuku. Hapo nikapata ujasiri.

"Tantine," nilimwambia shangazi, "maji ya mu shimo inaingiaka mu robine. Pengine njo inabagonjesha."

Alinipiga kofi kabla sijafunga mdomo.

"Robine yangu njo mubaya?" alisema. "Mutu mwenye ametoka mu pori leo, njo anakuya kunifundisha maji?"

Mumewe alikuwa hapo. Alikuwa shemasi, mtu mpole, mwenye kusoma Biblia kwa sauti nzuri kuliko mchungaji wake. Aliendelea kufunga kamba za viatu.

Siku chache baadaye shangazi alinikuta nyuma ya jiko, mtoto magotini, kikombe mdomoni mwake.

"Unamupa nini mu hii kopo?"

"Maji tu, tantine. Ya source."

Alitutazama, mimi na mtoto na kikombe, nami nikaona kwa macho yangu wazo lilivyomwingia. Nyumba nzima ilikuwa inaugua isipokuwa mimi. Watu wa kwetu tunajua jina la jambo hilo na huwa hatulisemi kwa sauti. Yeye alilisema. Alisema sumu.

Kwetu mtu hampi mwenzake kinywaji bila kuonja kwanza mbele ya macho yake. Hata mama na mwanawe mkubwa wanafanya hivyo, bila kufikiri, ndiyo adabu. Unamimina, unapiga funda moja, unampa. Shangazi aliigeuza adabu hiyo kuwa hukumu. Kikombe cha kijani kilitupwa chooni, chemchemi nikakatazwa, na kuanzia siku hiyo kila jagi lililojazwa kwenye robine liliwekwa mbele yangu mezani. Nilinywa glasi nzima, wakanitazama. Nikiwa bado nimesimama baada ya muda, walikunywa wao.

Nitasema ukweli: mara ya kwanza nilifurahi. Yalikuwa maji baridi, maangavu, yasiyo na ladha ya plastiki. Nilifikiri, kumbe hivi ndivyo wanavyokunywa. Na nilifikiri pia kwamba nikiendelea kunywa bila kuanguka wataniamini, na nitabaki. Kwa hiyo niliyanywa kwa bidii kama mtu anayejibu mtihani. Sumu ya kutiliwa, wanasema, huangusha mtu hapohapo. Ugonjwa ule hauna haraka hiyo. Kila nilipobaki nimesimama niliwathibitishia kwamba maji ni mazuri, nao wakajimiminia tena.

Mtoto aligeuza jambo hilo kuwa mchezo. Hakukubali maji ya mtu yeyote kabla hajasema, "Yaya, onja kwanza." Nilionja, nikamkodolea macho, nikajifanya ninaanguka, akacheka. Kisha alikunywa yote.

Alizidiwa tena, na safari hii hakushuka kitandani. Walimpeleka hospitali wakati tumbo lilikuwa limekwisha kuvimba na kukaza. Alirudishwa nyumbani amefungwa katika kitenge cha mama yake.

Sikuruhusiwa kwenye kilio. Nilikaa jikoni nikipikia waombolezaji, na hata hapo shangazi alituma mtu aje kuonja sufuria. Nilikuwa tayari ninatetemeka. Nilidhani ni huzuni, lakini ilikuwa homa. Watu walipotawanyika nikaanguka karibu na kuni, na shangazi akaja akasimama juu yangu. Nilifikiri sasa ataona, sasa amepata ushahidi kwamba nami nimekula kilekile kilichowala wao.

"Munaona?" aliwaambia waliobaki. "Sumu imemurudilia mwenyewe."

Mfuko wangu ulitolewa hadi nje ya lango, na mimi nikaufuata. Mumewe alifunga lango nyuma yangu. Alilifunga polepole, lisipige kelele. Upole wake wote aliumalizia kwenye bawaba.

Aliyeniokota ni mwanamke aliyeuza makaa ng'ambo ya njia, mmoja wa wale waliosalimiwa wakati maua yakimwagiliwa. Alisema tu, "Leta ile begi," akanipeleka kituo cha afya nikiwa nimekaa kati yake na mwenye pikipiki. Muuguzi aliuliza ninakunywa maji ya wapi. Nilipojibu robine, alisema wengi waliokuwa ndani na homa ya matumbo wiki ile walikuwa wanajibu mto au kisima, na akaniuliza tena kama nina hakika. Hata yeye alikuwa anaiheshimu robine.

Nilipona. Mwuza makaa alienda mwenyewe kumwambia shangazi kilichonipata, akafukuzwa. Lakini si muda mrefu, mafundi walikuja kwa sababu maji hayakuwa na nguvu, wakafukua shimo lile mchana, watu wakitazama. Fundi alichomoa kile kipande cha mpira, kimeoza, na harufu yake ikafika hadi njiani. Shangazi alikuwepo. Aliona. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, wanawake wa chemchemi walisema, na walisema wakihakikisha anasikia. Alitengenezesha bomba jipya, akahamisha bafu. Kwangu hakuja. Nilikuwa ng'ambo ya njia tu, nikipanga makaa, hadi mama alipopata njia ya kunichukua.

Miaka imepita. Sasa niko Butembo, nina mume na watoto, na nina robine yangu inayotoa maji inapotaka. Sina imani nayo. Kila asubuhi ninachemsha, ninaacha yapoe kwenye chungu chenye kifuniko, na watoto wangu wanajua kwamba kwa jambo hilo sina utani.

Mwaka jana, mchana wa jua, shangazi aliingia langoni kwangu. Alikuwa na mfuko mmoja. Mumewe alikuwa amekufa, mtaa wao ulikuwa umekimbiwa, wanawe wakubwa hawakuwa wakipokea simu. Vumbi la barabara ya Beni lilikuwa limemjaa kwenye nyusi. Alikuwa amezeeka vibaya, na nilifurahi kuliona hilo, kisha nikasikitika, kisha nikafurahi tena.

"Mwana wangu," alisema, "nimekuya kukuomba ka nafasi."

Nilikuwa na chumba nyuma, kimefagiwa, kina kitanda. Nilikifikiria hicho chumba wakati nikimwonyesha kiti. Nilikwenda kwenye chungu nikajaza glasi, nikamletea, na nikiwa njiani niliamua: akiinywa hii, atalala hapa hata afe hapa.

Nikamwekea glasi mkononi bila kuonja.

Aliitazama. Alinitazama midomo. Midomo yake mwenyewe ilikuwa imepasuka kwa kiu. Alingoja nimpokee glasi nipige funda langu, kama adabu inavyotaka, nami nikakunja mikono. Tuliongea habari za barabara na bei ya pikipiki. Tulimtaja baba yangu. Binti yake hatukumtaja. Glasi ilikaa juu ya goti lake, kisha aliiweka mezani taratibu, na nikaona inzi anazunguka ukingo wake, na yeye anamwona pia. Mtu anayejua alichotenda haamini maji ya mtu yeyote.

Jua liliposogea alisimama, akachukua mfuko wake. Hakuuliza tena habari ya chumba. Alipofika mlangoni nilichukua ile glasi nikainywa yote mbele yake, hadi chini, bila kupumzika.

Alisimama akinitazama kooni. Kisha machozi yakamtoka.

"Si ungeonja tu, mwana wangu," alisema. "Ningekunywa."

"Nilishaonjaka, tantine. Kwako."

Nilimsindikiza hadi njiani, nikamwitia mwenye pikipiki. Niliporudi niliosha glasi, nikaenda kumwambia mume wangu kwamba chumba cha nyuma bado kiko wazi.