Maneno ya Kumuaga Mama Fumua

"Mama yetu alikuwa mpole kupindukia, hakuwahi kumkwaza mtu." Ndivyo ilivyoanza karatasi aliyoiandika shemeji. Mshonaji aliisoma akiwa ameketi kwenye cherehani ya marehemu mama mkwe wake, akaguna. Mpole? Mpole gani, jamani? Mtaa mzima ulimwita Mama Fumua! Alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye kazi ya mkamwana wake, na akikuta mshono umepinda hata kidogo, anasema neno moja tu: "Fumua." Mbele ya wateja, bila kupepesa macho. Miaka nenda miaka rudi, mkamwana alifumua huku akimeza machozi.

Na kabla ya kukata roho, mama alimteua huyohuyo azungumze kwenye ibada ya mazishi.

"Shemeji, wewe soma tu nilivyoandika," shemeji alimsihi. "Mtu akishafariki anasitiriwa. Usije ukatuaibisha."

"Sitamwaibisha mama. Ila huyu uliyemwandika hapa mimi simjui. Hebu niambie, mama angeiona karatasi hii angesemaje?"

Shemeji alifikiri, kicheko kikamponyoka katikati ya msiba. "Haya. Ukiharibu, shauri yako."

Mshonaji akashika kalamu, akaikata sentensi ya kwanza, kisha ya pili. Kila alipoandika sifa ya kupamba aliisikia ile sauti ya mama ikisema "Fumua," akafuta. Chai ilipoa, mgongo ukamuuma, lakini alikuwa ameapa hanyanyuki mpaka kila neno likae sawa.

Siku ya ibada alisimama kando ya jeneza.

"Mama hakuwa mpole," alianza. Minong'ono ikazuka. Shemeji akainamisha kichwa. "Alinifumulisha nguo mpaka nikamchukia. Ndiyo, nilimchukia. Leo wanangu wanakula kwa kazi ya mikono aliyoifunza yeye. Alipozidiwa, aliniagiza nimshonee gauni. Nilimpelekea kitandani, akalikagua mshono kwa mshono, kwa kidole kilekile. Mimi tayari nilikuwa nimeshika wembe wa kufumulia, nasubiri neno lake."

Aligeuka, akaweka kiganja juu ya jeneza.

"Akalikunja, akaliweka chini ya mto. Hakusema kitu. Ndilo alilovaa leo."