Mshono wa Taya Katika Msiba wa Baba

Baba alifariki siku ile niliyopandikiziwa jino. Daktari alikuwa ametia kijiskrubu cha chuma cha kushikilia jino jipya kwenye taya langu, akashona fizi na kunipa masharti: nisiteme mate kwa nguvu, nisinywe kwa mrija, nisile cha moto, nisifungue kinywa sana. Nilikuwa bado kliniki, Kamenge, midomo imekufa ganzi, kaka yangu aliponipigia simu kunipa habari. Nilijaribu kumjibu, maneno yakatoka kama ya mlevi. Nikapanda gari kwenda Gatumba, nyumbani kwa wazazi.

Wanawake walikuwa wameshaketi kwenye mikeka, wakilia. Mimi nilikaa kando, barafu niliyoifunga kwa kitambaa ikiwa shavuni. Nilimtazama baba pale alipolazwa. Nikangoja uchungu uje. Haukuja. Ganzi ilipoisha jioni, kilichouma ni taya tu.

Mke wa kaka yangu aliniletea Fanta yenye mrija. Nikautoa mrija, nikanywa taratibu kwa upande usio na mshono. Nyuma yangu nilisikia jirani akinong'ona kwamba mtoto wa kike hamlilii babake, anashughulikia meno. Sikugeuka.

Shangazi, dada yake baba, naye alisikia. Alikuja akaketi karibu nami na bakuli la uji aliokwisha kuupoza.

"Acha watu waseme," akaniambia. "We fuata yenye daktari alikuambia. Baba yako hawezi kukasirika."

Kesho yake, kabla ya mazishi, alinichemshia maji, akatia chumvi, akayaacha yawe vuguvugu. Nilisimama nyuma ya nyumba, nikayazungusha kinywani polepole, kisha nikainama na kuyaacha yamwagike yenyewe. Nilipiga mswaki meno mengine, pale penye mshono sikugusa. Tukaenda kuzika. Nilitupa udongo wangu kama wengine.

Siku kumi baadaye daktari alianza kutoa nyuzi. Alisema ufizi umepona vizuri, jino lenyewe litawekwa baada ya miezi michache. Aliuliza kama nilipumzika. Nikasema nilikuwa msibani, nilifiwa na baba siku ileile. Akaweka koleo chini. Nami nikafungua kinywa tena, nikimngoja amalize.

Jioni shangazi alinipigia, akauliza kama nimeshalia. Nikamwambia bado.

"Sawa," akasema. "Na ugali, sasa unaweza kula?"